ALAMA YA 'A' YA LONDON NI JASHO LA MOMBASA

Ukiingia leo katika duka kubwa la vyombo vya stima hapa nchini kununua jokofu au mtambo wa kupoza hewa, utakuta umebandikwa karatasi yenye nyota. Nyota chache, mtambo unakula stima kama mchwa. Nyota nyingi, unakula kwa adabu. Mpango huo ulitokana na kanuni za mwaka 2016, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, yaani EPRA. Ni mpango mzuri na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kwamba mtambo wa kupoza hewa umepewa nyota zake, ilhali dirisha linaloingiza lile joto ambalo mtambo unahangaika kulitoa mchana kutwa halina hata nusu nyota. Tunampima mwenye kufuta maji sakafuni, bomba lililopasuka hatuliulizi kitu.

Wenzetu wa ng'ambo wamelishughulikia jambo hili kitambo. Kule Marekani na Uingereza dirisha huuzwa likiwa na cheti chake, na mlango vivyo hivyo. Wapo kati yetu ambao wakiona hivyo husema, basi na sisi tuchukue cheti kile kile, tukibandike, mambo yaishe. Mimi nasema la. Cheti twakihitaji, tena sana, lakini cha kuazima kitatudanganya. Na hasara yake haitakuwa ya shilingi mbili tatu tu. Mahali pengine, kama nitakavyoonyesha, itakuwa ya roho za watu. Nakuomba uvumilie hesabu kidogo. Ni za kuzidisha na kutoa tu, hata yule anayemkwepa mwalimu wa hisabati ataziweza.

Tuanze na Marekani. Mwaka 1989 liliundwa huko baraza la kupima madirisha na milango, liitwalo kwa kifupi NFRC. Dirisha likishapimwa, hubandikwa karatasi kiooni yenye nambari chache. Ya kwanza huitwa U. Nambari hii yaeleza jinsi joto linavyopenya kutoka upande wenye joto kwenda upande wenye baridi, kama joto la chai lipenyavyo kikombe cha bati likakuchoma vidole. U ikiwa ndogo, dirisha linazuia vizuri. Kioo kimoja kitupu, kama vile vilivyobandikwa kwa puti kwenye madirisha yetu ya chuma, kina U ya karibu 5.8 kwa vipimo vya mita. Maana yake ni kwamba kila mita mraba hupitisha wati 5.8 kwa kila digrii moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Ukiweka vioo viwili vyenye nafasi ya hewa katikati, U hushuka hadi karibu 2.8. Na ukipaka kimojawapo utando mwembamba wa madini ya fedha, mwembamba hata macho hayauoni, kisha ukajaza gesi ya argoni pale katikati, kioo chaweza kufika karibu 1.2. Huo ni ufundi hasa, na aliyeubuni apewe heshima yake.

Nambari ya pili ndiyo kiini cha makala haya. Inaeleza ni sehemu gani ya joto la jua linalogonga dirisha huishia ndani ya nyumba. Huanzia 0 hadi 1. Hapa nitaiita kipimo cha jua. Kioo kimoja cheupe kina kipimo cha jua cha karibu 0.86, yaani katika kila sehemu mia za joto la jua, 86 zinaingia ndani kama wageni wa arusi. Kioo kilichotengenezwa makusudi kuzuia jua chaweza kuwa na 0.25. Angalia tofauti yake na U: U hufanya kazi pale tu ambapo ndani na nje hazilingani kwa joto, lakini jua halingojei tofauti yoyote. Hata kama ndani ni digrii 28 na nje ni digrii 28, jua likipiga kioo linaingia tu.

Kuna nambari nyingine ya mwanga unaopita, hiyo pia ni ya 0 hadi 1, na ipo ya hewa inayovuja kwenye mianya ya fremu. Ya hewa tutaikuta tena mbele.

Sasa twende Uingereza, maana huko ndiko nilikoshangaa. Waingereza hawakutaka kumchosha mnunuzi kwa nambari nyingi, wakaamua kumpa herufi, kama matokeo ya mtihani. Herufi yenyewe hupatikana hivi: chukua kipimo cha jua cha dirisha zima, zidisha kwa 218.6. Weka kando. Kisha chukua U ya dirisha hilo, ongeza kipimo cha hewa inayovuja, zidisha jumla kwa 68.5. Toa hii ya pili katika ile ya kwanza. Jibu ni kilowati-saa ambazo kila mita mraba ya dirisha huingizia nyumba au huipotezea kwa mwaka. Likiwa 0 au zaidi, dirisha limepata A. Likifika 10 ni A+, na kuanzia 20 ni A++. Likienda chini ya 0 unaingia B, kisha C, kisha D kwa kila kumi, na likiteremka chini ya -30 umefika E.

Soma tena kanuni hiyo pole pole. Joto la jua limewekwa upande wa mapato! Kwa Mwingereza jua ni mshahara. Likiingia dirishani mwezi wa Januari, gesi ya kupasha nyumba inapungua, na yeye anashukuru. Wala hakosei hata kidogo, kwake ndivyo ilivyo. Lakini tufanye mfano. Dirisha lenye U ya 1.4, lisilovuja hewa, na lenye kipimo cha jua cha 0.45: 218.6 mara 0.45 ni 98.4, 68.5 mara 1.4 ni 95.9, ukitoa unapata 2.5. Limepata A, pongezi. Sasa chukua dirisha lile lile, fremu ile ile, U ile ile, ila ubadilishe kioo uweke cha kuzuia jua chenye 0.25. Mapato yanashuka hadi 54.7, ukitoa 95.9 unabaki na -41. Limeangukia E.

Umeona basi? Dirisha ambalo mtu wa Mombasa angelibusu, London limeanguka mtihani. Na lile lililopata A London, ukilileta Nyali ukalielekeza magharibi, litakutoa jasho hadi utafute godoro ulale nje. Mfanyabiashara atakayeleta kontena la madirisha ya 'A' na kuyauza hapa kwa bei ya juu hatakuwa amedanganya hata neno moja. Herufi ni ya kweli. Mahali ndipo pasipo.

Wamarekani katika hili wamekuwa werevu zaidi, kwa kuwa nchi yao yenyewe ina Alaska na ina Florida. Mpango wao wa Energy Star uligawa nchi sehemu nne, kila moja na masharti yake. Katika masharti yaliyoanza kutumika Oktoba 2023, dirisha la kaskazini lilitakiwa liwe na kipimo cha jua kisichopungua 0.17, yaani lisilifungie jua nje kabisa, hali la kusini lilitakiwa lisizidi 0.23. Kipimo ni kimoja, masharti yanaelekea pande mbili tofauti. Mtu akisema "dirisha zuri" bila kusema "zuri wapi", Mmarekani mwenyewe atamuuliza.

Tupige na hesabu ya kwetu. Chukua chumba Mombasa chenye dirisha la mita mraba mbili linalotazama magharibi, kioo kimoja kitupu. Saa kumi jioni, siku isiyo na mawingu, tuseme jua linapiga pale wati 600 kwa kila mita mraba. Tukikata kidogo kwa ajili ya fremu na vumbi, kipimo cha jua kiwe 0.8. Basi 600 mara 2 mara 0.8 ni wati 960. Hiyo, ndugu msomaji, ni pasi ya stima iliyowashwa na kusimamishwa katikati ya chumba chako! Halafu tutazame U. Nje ni digrii 32, ndani mtambo umepoza hadi 26, tofauti ni 6. Mara 5.8, mara 2, ni wati 70. Ukitoa pesa zako ukaweka vioo viwili vyeupe vya U 2.8, hizo 70 zinakuwa 34. Umeokoa wati 36 upande wa U, na lile jua la wati mia tisa na ushei umelipunguza kidogo tu. Lakini ukizuia jua kwa kioo cha 0.25, zile 960 zinashuka hadi 300. Nadhani sasa unaona kwa nini nilisema nambari ya pili ndiyo kiini.

Tena hiyo kazi ya kuzuia jua hailazimu kioo cha kigeni. Baraza pana, mti wa mwarobaini, ukumbi wa makuti, hata turubai la mistari juu ya dirisha, vyote hulizuia jua kabla halijagusa kioo, nayo ndiyo njia bora. Pazia la ndani halifiki hapo. Likipata joto, joto hilo tayari liko ndani nawe. Wazee wa Lamu walilijua hili pasipo karatasi yoyote. Mji wao wa kale, ambao UNESCO iliutia katika urithi wa dunia mwaka 2001, una nyumba za mawe ya matumbawe zenye kuta nene, vichochoro vyembamba ambamo ukuta mmoja humtilia mwenzake kivuli, na kiwanda cha ndani kinacholeta mwanga na hewa. Madirisha ya nje ni machache. Sisemi turudi sote kujenga kwa matumbawe. Bahari yenyewe haiwezi tena kutupa. Nasema tu kwamba cheti cha ng'ambo kingelipima dirisha la nyumba ile kikaandika nambari mbaya, kwa sababu hakipimi kivuli. Kinapima bidhaa, hakipimi nyumba.

Wala hakisemi dirisha linatazama wapi. Sisi tuko Ikweta. Jua letu la adhuhuri liko utosini, hivyo dirisha la kaskazini au la kusini likiwa na paa lililojitokeza kidogo tu limesalimika. La mashariki na la magharibi ndilo lenye taabu, kwa kuwa jua la asubuhi na la jioni huja limeinama na kupita chini ya paa. Kuligeuza jengo likiwa bado kwenye karatasi ya mchoraji hakugharimu kitu, na huokoa kuliko nyota tano. Sasa tembea Westlands au Upper Hill jijini Nairobi utazame majumba yaliyovikwa vioo pande zote nne, kana kwamba jua linatoka pande zote sawasawa. Jiji lenyewe liko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni ya kupendeza karibu mwaka mzima! Ofisi za Umoja wa Mataifa pale Gigiri, jengo lililofunguliwa mwaka 2011, lilichorwa litegemee hewa ya kawaida, watu wanafanya kazi humo na hawajayeyuka.

Nimesema mengi ya Pwani, na mwenzangu wa Limuru, Molo au Nyahururu ameshaanza kununa. Huko Julai ni baridi ya kukata masikio, na U ndogo ina maana. Kioo kimoja na mlango wa bati huunyonya moto wa chumba chote. Kule cheti cha Mwingereza kinakaribia kufaa, hata lile jua la asubuhi ni mapato kweli. Lakini hapo ndipo ile nambari ya hewa inayovuja inapogeuka kuwa hatari. Katika cheti, hewa ikivuja kidogo ni sifa. Imekuwa sifa kwa sababu nyumba zao hupashwa joto na mitambo ambayo moshi wake una bomba la kuutoa nje, na hewa safi ina njia yake iliyopangwa. Nyumba ngapi zetu za nyanda za juu hupashwa joto kwa jiko la makaa lililoingizwa ndani usiku? Makaa yakiungua kwenye hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Inaua watu wakiwa usingizini. Kila msimu wa baridi tunasikia habari hizo redioni, na kila mara ni mlango uliofungwa, dirisha lililofungwa, na tambara lililosokotwa chini ya mlango kuzuia upepo. Kwa nyumba kama hiyo, dirisha "lisilovuja" ni jeneza lenye kioo. Vile vitundu vya hewa juu ya madirisha yetu, ambavyo watu huviziba kwa magazeti, mpimaji wa ng'ambo angeviona ni kasoro. Hapa ndivyo vinavyoachilia pumzi. Kwa hiyo anayetaka kuleta sifa ya kutovuja alete kwanza jiko lenye bomba la moshi, au stima ya bei nafuu. Asianzie dirishani.

Milango nayo niiguse kidogo. Uingereza ina herufi za milango pia. Tangu Juni 2022, mlango unaobadilishwa katika nyumba hutakiwa uwe na U isiyozidi 1.4 au angalau herufi C ukiwa sehemu kubwa ni kioo, au B usipokuwa hivyo, na dirisha U hiyo hiyo au herufi B. Mlango wa mbao nzito una U ya karibu 3. Mlango wetu wa chuma wa bamba moja haufiki popote, na ukitazama magharibi huwezi kuushika saa kumi. Dawa yake ni rahisi: bamba la pili ndani, kitu cha kuzuia joto katikati, na rangi isiyo nyeusi. Fundi yeyote wa jua kali aweza. Lakini mlango wa bweni usiuchukulie kimchezo kwa sababu ya joto. Mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008 unataka mlango wa bweni ufunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma vya kuzuia, na shule zetu zimezika watoto wa kutosha kwa moto. Hapo kipimo cha kwanza ni je, mtoto ataweza kutoka?

Sasa ukienda dukani ujue na mitego. Wamarekani huandika U kwa vipimo vyao vya futi. Ukikuta dirisha la Kimarekani limeandikwa 0.30 na la Kiingereza 1.4, utadhani la kwanza ni bora karibu mara tano. Zidisha 0.30 kwa 5.68 upate vipimo vya mita: ni 1.7. La Mwingereza ndilo linalozuia zaidi! Mtego mwingine ni muuzaji kukutajia U ya kioo pekee, "hii ni 1.1, mzee", halafu anakitia katika fremu ya alumini tupu. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara elfu kuliko mbao. Dirisha zima laweza kuwa mara mbili ya alivyokuambia. Muulize ya dirisha zima. Na ule mtego mkubwa kuliko yote ni tinti. Watu wetu huamini kioo cheusi ndicho kinachopoza. Kioo cha tinti cha kawaida hulimeza jua, kikachemka chenyewe, kisha sehemu ya joto hilo kikaitema ndani. Kipimo chake cha jua chaweza kubaki karibu 0.6, huku mwanga umeukata ukawasha taa mchana. Ule utando wa madini ya fedha niliotaja waweza kupitisha mwanga mwingi na kufungia nje joto jingi, na kwa macho kioo chake ni cheupe tu. Tena utando wenyewe uko wa aina mbili, wa kupokea jua na wa kulikataa, navyo vioo vyake vikisimama kando kwa kando dukani havina tofauti. Jicho limeshindwa hapo. Ndiyo maana nasema cheti twakihitaji.

Najua mtu atauliza, haya ni ya nani? Mwananchi wa kawaida anatafuta unga, wewe unamletea argoni! Swali ni la haki. Lakini hebu fikiri ni nani hulipa. Mwenye ploti hujenga ghorofa ya kupanga na kuchagua dirisha la bei ya chini kabisa, la alumini la kusukuma, ambalo hata ukilifungua ni nusu tu inayofunguka. Yeye hakai humo. Anayekaa humo ni mpangaji, naye ananunua feni, anaiwasha usiku kucha, na kila asubuhi tokeni zimekwisha. Mwenye nyumba hununua dirisha mara moja. Mpangaji hulilipia kila mwezi miaka yote, na hakuna siku aliyoulizwa analitaka lipi. Maskini ndiye anayelipishwa dirisha baya, na soko pekee halitamwokoa kwa kuwa mnunuzi na mlipaji si mtu mmoja. Hapo ni kazi ya sheria. Afrika Kusini imekuwa na kanuni ya kitaifa ya matumizi ya kawi majengoni tangu mwaka 2011, na vioo vinahesabiwa ndani yake. Haikungoja kwanza iwe tajiri kama Ujerumani.

Kwa hiyo ikiwa EPRA na Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, wataamua siku moja kulipa dirisha nyota, ombi langu ni wasinakili herufi za mtu. Waandike mambo matatu kwa maandishi makubwa: kipimo cha jua, mwanga unaopita, na sehemu ya dirisha inayofunguka. Hili la tatu vyeti vile vya wenzetu havina habari nalo, na Pwani ndilo la kwanza. Dirisha la luva, lile la vipande vya kioo vinavyolala, katika cheti cha Uingereza lingetupwa jalalani kwa kuvuja. Lakini hufunguka karibu lote likapitisha upepo wa kusi, na mtu akalala. U iandikwe ya nne, na kwenye karatasi iwe wazi kwamba ni ya wanaoishi nyanda za juu. Nyota zenyewe ziwe safu mbili, moja ya Pwani na maeneo ya joto, moja ya milimani, kwenye karatasi hiyo hiyo, dirisha moja lipate tano huku na mbili kule bila kuona haya.

Na iandikwe kwa Kiswahili. Neno dirisha lenyewe lilitufikia kutoka Uajemi likatulia kama mwenyeji, hatushindwi kuyapa makao na haya. Nimetumia "kipimo cha jua" humu kwa kukosa kingine. Mwenzangu mmoja chamani anapendelea "mpenyo wa jua", na kwa ile U anataka "mpenyo wa joto", ili maneno mawili yaende jozi na mnunuzi asiyachanganye. Kwa hewa inayovuja hatujakubaliana: wapo wanaotaka "uvujaji", nami naona kuvuja ni kwa maji na lawama imo ndani yake tayari, wakati hewa hiyo ndiyo inayomwokoa mtu mwenye jiko ndani. Mwenye neno bora alilete mkutanoni.